Shamba la Kunigunda Ng'ambo ya Mpaka

Kunigunda alikuwa mwoga, na kijiji chetu kizima cha Mkumbi kilijua. Aliogopa radi, aliogopa bata mzinga wa misheni, aliogopa daraja la magogo hata wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamebaki vidimbwi tu. Katika chuo cha ualimu, wenzake walikuwa wakimtuma stoo makusudi ili wamsikie akipiga mayowe panya akipita. Mama yake alimtetea kwamba alizaliwa siku ya ngurumo. Shangazi yake Gertruda, ambaye maneno laini hakuyajua, alisema hakuna cha ngurumo wala nini: wengine huzaliwa wafupi, huyu kazaliwa mwoga, basi.

Ndiyo maana ile Jumapili Baba Paroko alipomaliza matangazo ya ndoa, akasema wanatakiwa walimu wa kujitolea kwenda Msumbiji, na mkono wa Kunigunda ukaonekana juu, kanisa zima liligeuza shingo. Vita vya kule vilikuwa vimekwisha. Wakimbizi waliokaa upande wetu miaka mingi walikuwa wanarudi kwao na watoto waliozaliwa huku, na watoto hao hawakuwa na shule wala mwalimu. Mshahara hakuna, alisema Baba Paroko. Kuna nauli, chakula, sabuni na baraka za Mungu. Shangazi Gertruda alimfinya Kunigunda paja na kumnong'oneza, "Usithubutu." Laiti angenyamaza, mkono ule ungeshuka wenyewe.

Lakini tusimcheke sana. Ilikuwa miaka ya soko huria. Ushirika uliokuwa ukinunua kahawa yetu na kusomesha watoto wetu ulikuwa unakata roho, wanunuzi binafsi walipanda mlimani na malori na mizani zao, na maduka ya Mbinga mjini yalijaa vitu ambavyo zamani tulivisikia redioni tu. Kilichokuwa adimu ni ajira. Serikali ilikuwa imekaza mkanda, na walimu wapya walirudi nyumbani kungoja kupangiwa vituo, wakangoja mpaka wakasahau walichosomea. Kunigunda alikuwa na cheti chake sandukuni, na kila kulipokucha alichuma kahawa ya kaka yake, huku wifi zake wakimwita "mwalimu" kwa ile sauti inayokwaruza. Aliogopa mambo mengi, ila aliloogopa kuliko yote ni kuzeeka akiitwa hivyo bila kuwahi kusimama mbele ya darasa.

Akaondoka na lori la mahindi mpaka Mbamba Bay, kafumba macho kila kona iliyotazama ziwa. Alilala Chiwanda kwa katekista, na kesho yake katekista huyo akamvusha mpaka kwa miguu, mbele yeye, nyuma Kunigunda na sanduku lake kichwani.

Mpaka leo ukimwuliza habari za Namilongo, kijiji alichopelekwa, huanza na nyasi. Sisi Wamatengo tumezoea milima. Mmatengo akitaka kujua nani anakuja, hutazama mteremko wa pili, akamwona mtu angali mdogo kama kidole, akapata muda wa kuweka uji motoni. Namilongo hapakuwa na mlima hata wa kuazima. Ilikuwa mbuga tambarare, miti ya miyombo imesimama mbalimbali, na kati yake nyasi zilizompita mtu mrefu. Huoni kitu. Unasikia tu chakacha, chakacha, na anayetembea humo anaweza kuwa mgeni, mbuzi au simba. Wiki ya kwanza Kunigunda hakula akashiba. Chakula kilipita kooni kwa shida, kwa sababu masikio yalikuwa yanafanya kazi muda wote.

Shule ilikuwa duka la zamani la Mreno, lililogeuzwa kambi ya wanajeshi, kisha likaachwa. Kuta zilitobolewa na risasi, na bati lilibaki upande mmoja tu. Watoto walijaa mpaka mlangoni, wakubwa kwa wadogo, wengine wameota ndevu lakini hawajui kuandika majina yao. Kiswahili walikijua vizuri, maana walizaliwa na kukulia kwetu. Kireno, ambacho wakubwa wa huko walitaka kifundishwe, hakuna aliyekijua, mwalimu akiwamo. Kunigunda alikuwa na neno moja la Kireno, la salamu ya asubuhi, naye alilitumia saa zote. Watoto walimwita prufesora, yaani mwalimu. Mara ya kwanza kusikia jina hilo alienda nyuma ya mlango akalia, kisha akarudi akafundisha herufi.

Alipewa chumba katika ua wa Lidia, mwanamke wa rika lake aliyekuwa na binti mdogo aitwaye Natalia na kitoto kichanga mgongoni. Lidia alirudi kutoka ukimbizini mwanzoni kabisa, kabla ya wengine. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Joakim, mtu mkavu, mwenye maneno ya kupima kwa kijiko, ambaye yeye hakukimbia. Vita vyote vilimpitia palepale. Kila mkubwa aliyeagana na Kunigunda, awe Lidia au Joakim au bibi mpita njia, alimwambia, "Pita njiani, prufesora." Akadhani ndiyo adabu yao ya kuagana. Akaizoea, akawa naye anawajibu, "Nanyi pia."

Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo. Nani anamweleza mtu mzima kwamba moto unaunguza?

Ilipofika Machi, njaa ilianza kuingia darasani. Mahindi ya msaada yalikuwa yanachelewa, na watoto walisinzia kabla hesabu hazijaanza. Kunigunda akamwendea Joakim.

"Shikamoo, baba. Naomba kipande cha ardhi, tulime maharage ya shule."

"Marahaba, mwanangu. Subiri watu wa magari meupe waje."

"Watakuja lini?"

"Watakuja."

Kunigunda akajisemea kwamba kumbe ofisi ni ofisi tu, njoo kesho haina mpaka. Alingoja wiki, akangoja nyingine. Nyuma ya shule palikuwa na kiwanja kikubwa, nyasi zimenona, udongo mwekundu mzuri, na hakuna aliyegusa. Watu wa Namilongo walilima vijishamba vyembamba kando ya mkondo, wakabanana huko kama hakuna ardhi nyingine duniani. Kwetu nyasi za Machi haziachwi zikasimama hivyo. Ni aibu kwa mwenye nyumba. Uvivu wa watu wa tambarare, aliwaza, na hapo kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka alijisikia mjuzi wa kitu kuliko wenyeji. Ile raha ya kujiona mjuzi ilimfanya asahau kuogopa, na huko ndiko alikopotelea.

Sisi hulima ngolo. Asiyejua na ajue hapa: kwanza wanaume hufyeka nyasi zote kwa nyengo, kile kisu cha mpini mrefu chenye ncha iliyopinda. Nyasi hizo huzilaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka shamba zima likawa miraba miraba. Kisha wanawake huingia na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kufunika mistari ya nyasi kwa udongo, na maharage hupandwa juu yake. Yale mashimo hushika maji ya mvua, na mlima hauporomoki. Wazee wetu waliyabuni kwa sababu ya mlima. Kulima ngolo kwenye ardhi tambarare ni sawa na kuvaa koti la mvua ndani ya nyumba, na anayeweza kufanya hivyo kwa moyo mweupe ni Mmatengo peke yake.

Siku aliyoichagua, wazazi walikuwa wameondoka alfajiri na magunia matupu kwenda barabarani, kwani ilisikika kwamba mahindi ya msaada yamefika. Kunigunda alitaka wakirudi wakute shamba tayari. Aliwapanga vijana wakubwa mstari mmoja, kila mmoja na ukanda wake, wakaanza kufyeka kutoka ukutani mwa shule kwenda mbugani. Aliwapenda siku hiyo. Walifyeka wakiimba, jasho likiwatoka, naye alifuata nyuma akiwaonyesha namna ya kulaza nyasi. Hapa na pale nyasi zilikuwa zimefungwa fundo vichwani. Alidhani ni mchezo wa wachunga mbuzi. Nao vijana, waliorudi juzi tu kutoka kwetu, hawakuyajua. Nyengo zikakata, mafundo yakaanguka pamoja na nyasi nyingine, yakalazwa kwenye mistari.

Kiwanja kilipogeuka miraba, akawaita wasichana na wadogo, akamweka kila mmoja katika mraba wake. Yeye mwenyewe alichukua jembe, akachimba shimo la mfano katikati ya shamba. Alichimba kwa nguvu, kwa kuonyesha. Watoto wakapiga makofi.

Hapo ndipo Lidia alipotokea kwenye kona ya shule, mtoto mgongoni, ndoo ya maji kichwani. Hakwenda barabarani na wenzake kwa sababu ya uzazi. Alisimama. Akaitua ndoo taratibu mno, kama ndani mna mayai.

"Prufesora," aliita, na wala hakupaza sauti. "Waambie watoto wasimame hapohapo walipo. Asiinue mtu mguu. Na wewe usiondoke."

"Kuna nini, dada Lidia? Nyoka?"

"Heri angekuwa nyoka. Mafundo yako wapi?"

"Mafundo gani?"

"Ya nyasi. Mzee Joakim aliyafunga. Wanajeshi walipoondoka walimwonyesha walikofukia mabomu, akafunga nyasi juu ya kila moja, ili watu wa magari meupe wakija kuyategua wajue yalipo. Humo ulimo ndimo yalimo."

Kunigunda alitazama jembe lililokuwa mikononi mwake, kisha shimo alilochimba, kisha miguu yake. Anasema damu ilimshuka mwilini akaisikia inavyoshuka. Akajikojolea. Alisimama na mkojo ukimtiririka miguuni mbele ya darasa zima, na hata aibu haikumjia, kwa jinsi hofu ilivyokuwa imejaza nafasi yote.

"Yako upande gani?" aliweza kusema mwishowe.

"Sijui. Anayejua ni Mzee Joakim, na Mzee Joakim yuko barabarani." Lidia alikuwa anamtazama Natalia, aliyesimama katikati ya mraba na kijembe chake, akimchekea mama yake. "Natalia, mwanangu, simama hivyohivyo. Usije kwa mama. Ukija nitakuchapa."

Wazo la kwanza la Kunigunda lilikuwa la mwoga, na lilikuwa la busara: wangoje. Watoto wasimame mpaka Joakim arudi. Lakini Joakim asingerudi kabla ya jioni, na watoto wadogo hawawezi kusimama mpaka jioni. Na upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshapanda, jeusi, zito, la Machi. Radi ilinguruma kwa mbali. Mvua ikishuka, nyayo zote zilizobaki kwenye ule udongo mwekundu zitafutika, na hakuna atakayejua tena palipokanyagwa na pasipokanyagwa. Tena radi ikipiga karibu, wadogo watakimbia. Angekimbia hata yeye.

Kama kungekuwa na mtu mwingine mzima wa kumwachia kazi ile, angemwachia. Hili hulisema wazi kila akisimulia, na watu hudhani ni unyenyekevu. Hakukuwa na mtu. Lidia alikuwa na kichanga mgongoni na alisimama nje ya shamba. Aliyekuwa ndani ni yeye.

"Darasa," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Simameni kama mko mstarini asubuhi. Miguu pamoja, mikono chini. Semeni kuzidisha kwa mbili. Mkimaliza mnarudia mwanzo. Atakayesogea sitamfundisha tena."

Wakaanza, kwa ile sauti ya kuvuta ya shule zote, mbili mara moja mbili, mbili mara mbili nne. Wadogo walidhani ni mchezo. Wakubwa walikuwa wamesikia maneno ya Lidia, na sauti zao zilikatika katikati ya namba.

Kunigunda alilaza jembe chini taratibu, palepale alipokuwa amekanyaga. Aliinama akatafuta alama za miguu yake mwenyewe alivyokuja. Alizipata. Akaweka mguu katika alama ya kwanza, akasubiri kufa. Hakufa. Akaweka mwingine. Alipofika kwenye mstari wa nyasi zilizolazwa, ambao chini yake huoni kitu, alichuchumaa akazinyanyua kwa vidole, chache chache, mpaka akaona unyayo wa kijana aliyepita na nyengo, akakanyaga humo. Hivyo ndivyo alivyomfikia Natalia. Alianza na Natalia kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote, na mdogo ndiye atakayekimbia kwanza.

"Panda mgongoni kwa prufesora."

Mtoto akapanda. Kunigunda akarudi alikotoka, alama kwa alama, mpaka njiani, akamkabidhi Natalia kwa mama yake. Lidia alimpokea kwa mikono miwili. Halafu Kunigunda akageuka. Anasema hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Alikuwa nje. Miguu yake ilikuwa kwenye njia inayopitwa kila siku, na ilimwomba, kama mtu anavyoombwa na mtoto, kwamba isirudi. Akarudi.

Alibeba wadogo wote mgongoni, mmoja mmoja, kwa nyayo zilezile, zake na zao. Kutafuta unyayo mpya aliogopa zaidi ya kuchoka. Kuna mtoto mmoja aliyemwambia sikioni, "Prufesora, unatetemeka."

"Ni baridi."

"Mbona hakuna baridi?"

"Sema kuzidisha kwa mbili."

Wasichana wakubwa na vijana hawakubebeka. Aliwaambia wafuate nyuma yake, wakanyage palepale akanyagapo yeye, nao wakafuata, kila mmoja amemshika mwenzake nguo. Radi ilipiga karibu wakiwa katikati. Kunigunda, yule aliyekuwa akijificha uvunguni kwa ngurumo ya mbali, alisimama mguu mmoja ukiwa juu, akapiga mayowe, lakini mguu hakuushusha. Mayowe yalipokwisha, akautua mahali pake.

Wa mwisho alikuwa Daniel, kijana mwenye ndevu, aliyefyeka ukanda wa mbali kabisa, ng'ambo, karibu na mbuga. Alipofikiwa ilionekana kwamba analia na hawezi kutembea. Matone makubwa yalikuwa yameanza kuanguka, yakipiga alama za miguu na kuzitia makovu.

"Siwezi, prufesora. Miguu imekataa."

"Mimi naogopa kuliko wewe," Kunigunda akamwambia. "Nusa tu utajua. Shika kanga yangu, usitazame chini, natazama mimi."

Daniel akashika pindo la kanga. Walitoka wakati mvua inafunguka kama bomba, na walipofika njiani shamba lote lilikuwa jekundu, linateleza, halina unyayo hata mmoja.

Hapo Kunigunda alikaa chini kwenye tope na hakuweza kusimama tena. Watoto wakamzunguka, nao wakakaa. Hakuna aliyemwambia mwenzake twende chini ya bati.

Mzee Joakim alirudi jioni na gunia la mahindi kichwani, wazazi nyuma yake. Alisimama kwenye kona ya shule akatazama kiwanja kilichofyekwa na ile mistari ya nyasi iliyokatana vizuri, kazi safi kabisa, ambayo kwetu ingempa bwana harusi sifa. Akatua gunia.

"Nani kalima hivi?"

"Mimi, baba."

"Kwenu ndivyo mnavyolima?"

"Ndiyo, baba."

"Kwenu kuna mlima?"

"Upo."

"Hapa kuna mlima?"

"Hapana, baba."

Joakim alikaa juu ya gunia lake. Watu walingoja atukane, na pengine angetukana ingekuwa nafuu. "Nilijua kwa yale mafundo," alisema. "Wanajeshi walinionyesha siku moja tu, na siku hiyo nilikuwa naogopa, sikushika vizuri. Kila nyasi zilipokua nilifunga mapya pembeni ya yale ya zamani. Sasa hata mimi sijui."

Siku chache baadaye, darasa likiwa katika kuzidisha kwa tatu, ardhi ililipuka nyuma ya ukuta. Vumbi lilishuka kutoka kwenye bati, watoto wote wakalala chini na mwalimu wao akawa wa kwanza. Mbuzi alikuwa amekanyaga bomu. Walipochungulia dirishani waliona moshi, na mahali moshi ulipotoka palikuwa hatua chache tu kutoka kwenye shimo la mfano. Kunigunda aliuangalia ule moshi akakumbuka ni nani alikuwa amesimama kwenye mraba ule, akatapika.

Kesho yake alifunga sanduku. Alimuaga Lidia, akajitwika sanduku, akafika mahali njia inapotoka kijijini kuelekea mpakani. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, nyasi zimeiegemea kutoka pande mbili, mahali pengine zimekutana juu. Alisimama pale mpaka jua likamchoma utosi. Akageuka, akarudi shuleni, akaandika tarehe ubaoni.

Watu wa Namilongo waliamini kwamba amebaki kwa upendo. Huku nyumbani habari zilifika kwa midomo ya wapita njia, na Baba Paroko akazihubiri Dominika nzima: binti yenu, huyu mliyemwita mwoga, amewabeba watoto wa watu mgongoni, na bado amekataa kurudi! Watu walifuta machozi. Shangazi Gertruda peke yake ndiye aliyeguna. "Yule? Atakuwa ameogopa njia ya kurudi," alisema, na kwa kweli alikuwa amepiga palepale. Ila nani atamlaumu mtu kwa hofu ya namna hiyo? Alikaa miaka miwili kwa sababu hakuthubutu kuondoka, na katika miaka hiyo Natalia alijua kusoma, na Daniel akajua kuandika jina lake na la baba yake aliyekufa vitani. Ndipo watu wa magari meupe walipofika na fimbo zao za chuma, wakasafisha kiwanja, wakasafisha njia, wakampa nafasi katika gari lao mpaka Chiwanda.

Baadaye serikali ililegeza mkanda kidogo, akapangiwa shule Ukata, milimani kwetu, na huko akaolewa na Egidi, mkulima wa kahawa, mtu mpole asiyejua haraka. Machi ya kwanza ya ndoa yao Egidi alifyeka nyasi, akazilaza mistari, akaja nyumbani akasema, "Mama, shamba tayari." Kunigunda alikwenda na jembe akasimama ukingoni. Alisimama asubuhi yote. Mama mkwe alinung'unika kwamba wameoa cheti, hawakuoa mkono. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, na Egidi akamkuta pale ukingoni, jasho linamtoka, macho kwenye mistari ya nyasi. Ndipo akamweleza yote, hata habari za mkojo.

Egidi hakumwambia usiogope. Alivua viatu, akaingia shambani, akakanyaga kila mstari kwa miguu miwili, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akirukaruka kidogo, kisha akakanyaga kila mraba. Majirani waliangua kicheko wakasema Egidi anacheza ngoma ya mganda na nyasi. Hakuwajali. Alipomaliza alimwita, "Ingia sasa," na Kunigunda akaingia, akalima.

Hufanya hivyo kila mwaka mpaka sasa, ingawa magoti yamechoka na watoto wao wanamwonea haya. Egidi anaamini kwamba anamtoa mkewe hofu, na jambo hilo humpa furaha kubwa. Siku hiyo hurudi nyumbani akipiga mluzi. Kunigunda anajua vizuri kwamba ardhi ya Ukata haina kitu. Lakini husimama pale ukingoni na jembe lake, na kila mguu wa mumewe unapopanda, hushika pumzi, na unaposhuka juu ya nyasi, moyo wake husimama, mguu baada ya mguu, mpaka shamba liishe. Hakuna saa mbaya kama hiyo katika mwaka wake wote. Hajamwambia.